Viwavijeshi wanashuka na mvua kweli, au wanaletwa na upepo? Wenye uelewa karibuni

#1 Jembe Kavu
Habari wakuu. Toka niko mdogo nasikia wazee wakisema viwavijeshi wanashuka na mvua, yani ile mvua ya kwanza yenye radi baada ya kiangazi kirefu ndo inawamwaga. Nilikuwa nachukulia ni maneno tu. Sasa msimu huu nimejionea. Kiangazi kilivuta sana, nikapanda kwenye vumbi, ikaja mvua moja kubwa ya usiku yenye radi na upepo, mahindi yakaota safi kabisa. Siku kama ya kumi na sita toka ile mvua naingia shambani asubuhi nakuta weusi tii, mche mmoja una kumi hadi kumi na tano, na wanaelekea wote upande mmoja kama wamepewa amri. Ukisimama kimya unasikia wanavyotafuna, kama manyunyu yanadondoka kwenye majani makavu. Mpaka jua linazama nusu ya shamba imebaki vijiti. Jirani yangu ambaye hata nusu kilomita haifiki hana hata mmoja, na jana yake mimi mwenyewe nilipita hapo sikuona kitu. Hawa wametoka wapi? Kama sio juu, ni wapi?

#2 Kunguru Mweupe
Pole sana mkuu. Hao walikuwa ardhini siku zote, mayai yanalala kwenye udongo kiangazi chote yakisubiri maji, mvua ikigusa tu yanaanguliwa. Hakuna cha kushuka wala nini.

#3 Mama Kitalu
Pole Jembe Kavu. Kunguru hapo #2 umechanganya na nzige. Anayetaga chini ya udongo ni nzige, anatumbukiza mkia kwenye mchanga wenye unyevu sentimita 10 hadi 15 kwenda chini. Kiwavijeshi mama yake ni nondo, anataga juu ya jani, na mayai hayakai, ndani ya siku mbili mpaka tano yameshaanguliwa. Kilichoko ardhini ni pupa tu, yani kiwavi aliyejifunga akigeuka kuwa nondo, na pupa naye hasubiri miezi, wiki moja au siku kumi hivi nondo ametoka. Huyu mdudu hana ule usingizi mrefu wa kiangazi ambao wadudu wengine wanao. Kwahiyo hoja ya mayai kulala miezi sita haisimami.

#4 Kunguru Mweupe
Sawa Mama Kitalu, nimekubali kwenye mayai. Lakini swali la mleta uzi bado liko palepale, kama hawakuwepo ardhini basi walikuwa wapi?

#5 Nondo wa Usiku
Ngoja nieleze kwa urefu maana hili jambo nalipenda, nilikuwa naangalia mtego wa nondo kwa misimu minne, ule wa feromoni, yani harufu ya jike inayowekwa kwenye kiplastiki kudanganya madume.

Iko hivi. Wazee hawajakosea sana, wamekosea abiria. Anayeshuka na mvua ni nondo, kiwavi anakuja baadaye. Wakati wa kiangazi hawa nondo wapo wachache wachache, wametawanyika sehemu zenye unyevunyevu, pwani na milimani, hakuna anayewaona, na viwavi wao wanakuwa wa kijani kila mmoja kivyake. Mvua zikianza mahali nondo wanaongezeka, na nondo mchanga akishatoka kwenye pupa kazi yake ya kwanza ni kuruka. Anapanda juu mita mia kadhaa halafu anaenda upepo unakoenda. Yeye mwenyewe akijitahidi ni kama mtu anayekimbia polepole, lakini usiku kule juu kunakuwa na tabaka la upepo ambalo linaweza kwenda kilomita 40 hadi 50 kwa saa wakati huku chini bendera haitikisiki. Piga hesabu ya saa saba nane.

Sasa huko juu wamesambaa, hawana madhara. Shida inaanza wakikutana na wingu la radi. Wingu likianza kumwaga mvua linamwaga na hewa ya baridi, ile hewa ikifika chini inasambaa pembeni kwa kasi (ule upepo wa baridi unaokupiga usoni dakika chache kabla ya matone). Ukingo wa ile hewa unakutana na upepo wa kawaida unaokuja, na wadudu waliokuwa wamesambaa eneo kubwa wanasombwa na kurundikwa kwenye mstari mmoja mwembamba. Watafiti walishawaona kwenye rada, unaona kabisa mstari. Mvua ikiwapiga wanashuka hapohapo. Asubuhi kuna nyasi zinachipua na mahindi yanaota, wanapandana, wanataga, na kila jike ana mayai mamia. Viwavi wanaanguliwa wote kwa pamoja, na wakisongamana wanabadilika rangi kutoka kijani kuwa weusi na wanaanza kutembea kwa kundi. Hapo ndo unamwona siku ya kumi na kitu, ukadhani ameshuka jana.

Na ndo maana jirani yako hana. Mstari haukupita kwake.

#6 Jembe Kavu
Daah. Aisee #5 nimesoma mara mbili. Ule upepo wa baridi nakumbuka kabisa ulifungua dirisha. Kwahiyo "jana yake sikuona kitu" ni kwamba walikuwepo wadogo wa kijani?

#7 Nondo wa Usiku
Walikuwepo. Siku za mwanzo ni kama uzi wa kushonea, anakwangua jani upande mmoja tu linabaki na madirisha meupe. Ukipita umesimama humwoni, mpaka uchutame.

#8 Pima Mvua
Naomba nipinge kidogo, sio yote. Nondo kukusanywa na upepo sikatai. Ila mm naona tunaupa upepo sifa isiyo yake. Mbona kuna miaka mvua za radi zinapiga kila wiki na viwavijeshi hakuna? Ukifuatilia, milipuko mikubwa inakuja pale kiangazi kilipokuwa kikali HALAFU mvua zinaanza kwa kurukaruka, moja leo nyingine baada ya siku kumi. Mimi naamini kazi inafanywa na ukame. Ukame unapunguza maadui, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, mbawakawa, ndege, na magonjwa. Mvua ikija nyasi zinachipua upya zina lishe nzito kuliko kawaida, kiwavi anakuta sahani imejaa na mlinzi hayupo. Mvua ikiendelea kunyesha mfululizo wanakufa wenyewe.

#9 Mama Kitalu
Nakazia Pima Mvua kwenye magonjwa. Kuna kirusi kinachowaua hawa kikienea hakibakizi. Kuna mwaka niliona viwavi wamepanda mpaka ncha za nyasi wananing'inia vichwa chini, laini kama soksi iliyolowa, ukimgusa tu anapasuka unatoka uji wa kahawia, na ule uji ndo unadondokea wenzake chini. Kwenye kaeneo kadogo walikufa wote kabla sijapata dawa. Ilikuwa mwishoni mwa msimu, mvua zimekolea. Mwanzoni mwa msimu sijawahi kuona hivyo hata mara moja.

#10 Nondo wa Usiku
Pima Mvua hatugombani, hayo yako yanaeleza kwanini wakishafika wanafanikiwa. Yangu yanaeleza walifikaje. Kurukaruka kwa mvua pia kunaingia hapa: mawingu yakiwa machache na yametengana, nondo wote wa eneo zima wanarundikwa chini ya hayo machache. Mvua ikienea kila mahali wanashuka kila mahali, kidogo kidogo, hakuna mlipuko.

#11 Pima Mvua
Hiyo ya mwisho sikuwahi kuifikiria. Ila bado simwachii upepo ushindi wote.

#12 Bahari Shwari
Wakuu samahani mnaongelea viwavijeshi wale wa zamani au wale wapya wanaoingia kwenye moyo wa mhindi? Maana mimi wangu wanakaa ndani wanaacha unga kama wa mbao.

#13 Mama Kitalu
Hao wako ni viwavijeshi vamizi, mdudu mwingine kabisa, asili yake ni bara la Amerika. Mwangalie usoni ana alama ya Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba. Huyu hatembei kwa kundi kama wa Jembe Kavu, anajificha. Afrika aliripotiwa mara ya kwanza mapema 2016 upande wa magharibi, na ndani ya miaka miwili hivi alikuwa ameshaenea karibu nchi zote za kusini mwa Sahara.

#14 Kunguru Mweupe
Hapo sasa! Huyo naye alikuja na upepo toka Amerika? Bahari yote ile?

#15 Mzigo Mezani
Hakuja na upepo, alikuja na mizigo. Nimefanya kazi ya kupakua mizigo miaka mingi, nawaambia mdudu anayesafiri mbali kuliko wote ni yule aliyeko kwenye kasha la mboga au kwenye tumbo la ndege. Mfano mzuri ni kantangaze wa nyanya, ametoka Amerika Kusini, akaonekana Hispania 2006, baada ya hapo kila alipofika ukifuatilia unakuta kreti za nyanya zilimtangulia. Kila kitu mnasema upepo upepo, angalieni na malori.

#16 Nondo wa Usiku
Mzigo Mezani uko sahihi kwenye kantangaze, yule hana uwezo wa kwenda mbali kivile, malori na miche ndo yamemsambaza. Na viwavijeshi vamizi kuvuka Atlantiki wengi wanaona ni mizigo au ndege za abiria. Lakini akishaingia bara, ile kasi ya nchi moja kwenda nyingine huwezi kuieleza kwa malori peke yake. Nondo wake anaweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja upepo ukimkubalia. Kule Marekani hawezi kuvumilia baridi ya theluji, kila mwaka anakufa wote kaskazini na kubaki kusini kabisa mwa Florida na Texas, halafu majira ya kuchipua anaanza upya kupanda kaskazini kizazi kwa kizazi na pepo za kusini mpaka anafika Kanada. Kila mwaka. Hakuna lori linalofanya hivyo kwa ratiba.

China nako alithibitishwa mwanzoni mwa 2019, akaingilia Yunnan upande wa Myanmar, na majira ya joto ya mwaka huohuo pepo za monsuni zikampeleka kaskazini mikoa na mikoa.

#17 Mzigo Mezani
Sawa kwa hiyo tugawane, bahari yangu, nchi kavu yako.

#18 Tunutu Mdogo
Hapana, bahari msimpe Mzigo Mezani bure bure. Oktoba 1988 nzige wa jangwani walitoka Afrika Magharibi wakavuka Atlantiki mpaka visiwa vya Karibiani, kama kilomita 5,000 ndani ya siku kumi hivi. Na mwaka 1954 kundi lilitoka kaskazini magharibi mwa Afrika likafika Visiwa vya Uingereza. Bahari ya Shamu wenyewe wanavuka kama mtu anavyovuka barabara.

#19 Kunguru Mweupe
Siku kumi bila kula wala kutua? Hapo umetia chumvi.

#20 Tunutu Mdogo
Sijatia. Upepo mkali wa wakati ule uliwabeba, na waliofika ni mabaki ya waliokuwa wameondoka. Hata ukiwaondoa waliodondoka majini bado wengine walifika, hilo limeandikwa.

#21 Bi Shamba Darasa
Hawa nzige ndo mfano mzuri kuliko wote kwa swali la mleta uzi, naomba niuweke wazi maana watu wanakumbuka uvamizi wa 2020 lakini hawajui ulianzia wapi.

Ulianzia kwenye kimbunga. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua kwenye Rub' al Khali, jangwa la Uarabuni ambalo halina mtu, mpaka maziwa yakatokea katikati ya matuta ya mchanga. Mchanga ukalowa, nyasi zikaota, nzige wachache waliokuwepo wakataga. Kawaida wangemaliza nyasi na kufa. Oktoba hiyohiyo kikaja kimbunga kingine, Luban, kikalowesha tena maeneo yaleyale. Ndani ya miezi tisa vikapita vizazi vitatu, na wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria idadi iliongezeka mara 8,000. Hapo hakuna aliyekuwa anaangalia. Baadae wakatoka, wengine kuelekea Irani na Pakistani, wengine kushuka Yemeni, wakavuka Ghuba ya Aden kuingia Pembe ya Afrika. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wa magharibi ilikuwa na joto kuliko kawaida, mvua za vuli zikazidi, na Desemba kimbunga Pawan kikapiga Somalia. Kila walipofika walikuta udongo umelowa. Siku za mwisho za Desemba wakaingia Kenya, na kwa Kenya ilikuwa haijaonekana hali kama ile kwa miaka 70.

Kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige wakubwa milioni 40 hadi 80, na kwa siku linakula sawa na watu 35,000. Nayaandika haya nikiwa nimeshaona malisho ya ng'ombe yakiwa yamebaki mawe na miiba tu, na mfugaji kakaa chini haongei.

#22 Jembe Kavu
Hii #21 imenigusa. Kwahiyo nzige nao wanafuata mvua, au mvua inawakuta walipo? Wanajuaje upande gani umenyesha?

#23 Bi Shamba Darasa
Hawajui. Hapo ndo penye uzuri wake. Mtafiti mmoja wa nzige anaitwa Rainey aliandika mwaka 1951 wazo ambalo mpaka leo linafundishwa: nzige wanaenda tu upepo unakoenda, hawachagui. Lakini pepo za chini zikikutana, ule ukanda ambapo kaskazi na kusi vinakabana, hewa haina pa kwenda isipokuwa juu, na hewa ikipanda inafanya mawingu na mvua. Kwahiyo ukifuata upepo bila kujua chochote, siku zinavyokwenda utajikuta mahali panaponyesha. Upepo uleule unaoleta mvua unamleta nzige. Anafika siku zilezile udongo unalowa.

#24 Pima Mvua
Bi Shamba Darasa hilo wazo ni tamu ila ni tamu mno. Nzige hawaendi kama vumbi. Asubuhi wanasubiri jua liwapashe joto, kukiwa na baridi au mawingu mazito hawaruki mpaka baadae sana. Upepo ukizidi wanabaki wamekaa. Na kuna nyakati wanaonekana kabisa wanapambana na upepo karibu na ardhi. Mdudu anachagua LINI aruke, na hiyo ni nusu ya kuchagua wapi afike.

#25 Nondo wa Usiku
Naunga mkono #24. Kule Uingereza waliwapima nondo wanaohama kwa rada zinazoangalia juu wima, wakakuta hawapandi usiku wowote tu. Majira ya kuchipua wanapanda usiku ambao upepo wa juu unaenda kaskazini, majira ya kupukutika wanapanda usiku upepo unaenda kusini. Wanachagua na urefu wa kuruka ambao upepo una kasi, na upepo ukipinda kidogo wanajirekebisha. Kwahiyo sio abiria aliyelala, ni abiria anayechagua basi.

#26 Bi Shamba Darasa
Sawa, lakini abiria wa kwenye basi hawezi kulipeleka basi asikotaka dereva. Nzige wa jangwani sijaona ushahidi kwamba wanachagua upande kama hao nondo wa Ulaya. Tusichanganye wadudu.

#27 Kwapani Joto
Mmesahau kwelea kwelea nao wanahama na mvua, wanamaliza mtama.

#28 Kunguru Mweupe
Kwelea kwelea ni ndege mkuu, uzi ni wa wadudu. Ndege mwenzangu namtambua.

#29 Kwapani Joto
Haha sawa. Lakini wao nao wanafuata mvua, mbegu za nyasi zikichipua hapa wanakosa chakula wanahama. Hilo tu.

#30 Vita vya Panzi
Mimi naona mnaikwepa sababu kubwa. Vimbunga vilikuwepo, sawa. Lakini Yemeni kulikuwa na vita, timu za kupulizia haziwezi kuingia, magari hakuna. Nzige wakizaliana mahali penye amani wanapigwa wakiwa bado tunutu hawana mabawa, hadithi inaishia hapo. Msiilaumu mvua kwa kazi ya binadamu.

#31 Bi Shamba Darasa
Ni kweli Yemeni ilichangia sana. Ila Rub' al Khali kwenyewe hata pangekuwa na amani kiasi gani, nani angeenda katikati ya matuta yale kuhesabu panzi?

#32 Vita vya Panzi
Satelaiti zinaona nyasi zikiota jangwani. Nyasi zikiota mahali ambapo hapaoti, ungetuma mtu.

#33 Tunutu Mdogo
Na uvamizi uliishaje? Maana hapo napo kila mtu anavuta kwake. Wapo wanaosema ndege za kupulizia ndo zilimaliza. Novemba 2020 kimbunga Gati kilipiga Somalia wakapata tena pa kuzaliana, mapema 2021 wakawa wameshafika mpaka kaskazini mwa Tanzania, dawa zikiwa zinapigwa muda wote huo. Halafu 2021 mvua za masika Pembe ya Afrika zikawa haba, udongo ukakauka, wakapotea. Mimi nasema ukame ndo uliwamaliza.

#34 Vita vya Panzi
Dawa zilipunguza idadi, ukame ukamalizia. Bila dawa ukame ungekuta kundi mara ngapi zaidi?

#35 Tunutu Mdogo
Na bila ukame dawa zingeendelea mpaka lini?

#36 Pima Mvua
Nyie wawili mtakesha hapo. Naomba nirudi kwenye wadogo, maana wote mnashangilia wakubwa. Kuna wadudu wadogo kama punje ya mchele, wale panzi wa kahawia wanaofyonza mpunga. Japani hawawezi kupita baridi ya kule, wanakufa. Lakini kila mwaka Juni na Julai, kipindi cha mvua za msimu, wanaonekana tena, wanakuja na upepo wa chini wenye kasi toka kusini mwa China, na chimbuko lao ni Vietinamu ya kaskazini. Zamani watu wa kule walikuwa wanabishana kama sisi hapa, wengine wakisema wanajificha mahali. Mpaka mwaka 1967 meli ya hali ya hewa iliyokuwa baharini kusini mwa Japani ikavamiwa na kundi la hao wadudu katikati ya maji, hakuna shamba hakuna nyasi. Ubishi ukaanza kuisha hapo.

#37 Mama Kitalu
Na sisi tupate meli yetu. Vidukari nao ni hivyohivyo, hana nguvu za kuruka hata mbele ya feni, lakini akishapanda juu siku yenye joto na hewa inayonyanyuka, jioni anashuka wilaya nyingine na ugonjwa wa mimea yuko nao mdomoni.

#38 Bahari Shwari
Mimi wa #12, naomba kurudi kwa viwavijeshi vamizi. Nimegundua kitu: mvua kubwa ikipiga, wale wadogo wanapungua. Nilichana moyo wa mche asubuhi baada ya mvua nzito nikakuta maji yamejaa mle na viwavi viwili vimekufa vinaelea. Lakini wakikutwa na jua wiki mbili wanaongezeka kila siku. Ni kweli au bahati?

#39 Mama Kitalu
Ni kweli, mvua nzito inawasomba na kuwazamisha wakiwa wachanga. Wakubwa hawaogopi, wameshajiziba humo ndani na kinyesi chao. Kwahiyo mvua moja ni rafiki wa kiwavi wa Jembe Kavu na adui wa kiwavi wako.

#40 Mwanahewa
Nimechelewa lakini niongeze, nafanya kazi zinazohusu hali ya hewa. Tunapotoa utabiri tunasema mvua zitakuwa juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa wadudu hiyo haitoshi kabisa. Mkulima anahitaji kujua mvua itaanzaje: itaenea au itarukaruka, kulikuwa na kiangazi cha namna gani kabla, upepo wa usiku mita 300 hadi 500 unatoka wapi. Hivi vitu tunavyo kwenye data, ila vinakaa meza moja na idadi ya nondo inakaa meza nyingine, na hao wa meza ya pili wanaletewa taarifa wakati shamba limeshaliwa. Hilo linaniuma. Kuhusu kuongezeka kwa joto: wadudu wanakua haraka kukiwa na joto, hilo halina ubishi, lakini likizidi nalo linawaua, na kama pepo zenyewe zitabadilika njia, basi wengine watapata nafuu na wengine watapata mgeni ambaye hawajawahi kumwona.

#41 Kunguru Mweupe
Mwanahewa asante. Sasa mkulima asiye na rada wala data afanye nini?

#42 Nondo wa Usiku
Mtego mmoja wa feromoni na chombo cha kupimia mvua kwa kijiji kizima vinatosha kuanzia. Mtu mmoja aliyefundishwa anahesabu nondo kila asubuhi, anaandika na mvua. Hii ilishafanyika vijijini Kilosa, wanakijiji wenyewe wakawa wanatabiri kwa kuunganisha namba mbili tu, nondo wangapi na mvua imenyesha au haikunyesha. Nondo wengi bila mvua, kaa macho. Nondo wengi na mvua, hesabu siku.

Kama hakuna mtego, taa ya nje. Ila mwezi ukiwa mpevu taa haivuti, usijidanganye ukasema hawapo. Na sio kila nondo ukutani ni huyu, ndo maana mtego ni bora, unavuta aina moja tu.

#43 Mzigo Mezani
Na mkinunua miche mikague chini ya majani. Sijasahau upande wangu.

#44 Pima Mvua
Mimi bado nasema angalieni na kiangazi. Jembe Kavu, kwako ukame ulikuwa miezi mingapi?

#45 Jembe Kavu
Saba kasoro. Asanteni wote, nimeandika kwenye daftari kila kitu. Nilipanda upya wiki iliyopita. Jana usiku imepiga nyingine, radi, na ule upepo wa baridi ulitangulia kama #5 alivyosema. Nikatoka na tochi, ukuta wa upande wa taa una nondo wa kijivu-kahawia, nimehesabu 43 halafu mvua ikanirudisha ndani. Mwezi haukuwepo. Kuna wengine wanne wakubwa tofauti, hao sikuwahesabu.

#46 Nondo wa Usiku
Umehesabu vizuri. Kuanzia siku ya sita chutama, anza na nyasi za ukingoni kabla ya mahindi, geuza majani. Mwambie na jirani aangalie kwake siku hiyohiyo, hata kama hakuona nondo.

#47 Jembe Kavu
Nimeshamwambia. Kasema yeye usiku ule taa yake ilikuwa imezimwa.